Sehemu Moja ya Mia Isiyo na Mwenyewe

Jumamosi, 16 Machi 1985

Nimemaliza kupiga taipu orodha ya shamba. Ilikuwa kazi ya dakika kumi ikanichukua asubuhi nzima, kwa sababu nilitaka namba zikae moja chini ya nyingine bila kupinda. Zimekaa.

Naandika hapa mambo yote ili nisije nikasahau. Shamba letu la Ziwa ni ekari 264, ukishatoa barabara, dipu ya kuoshea ng'ombe na kiwanja cha shule. Wenyewe ni wanne: Mzee Kiptoo, mwenyekiti wetu, ambaye pia ni mwenyekiti wa chama tawala katika lokesheni yetu, Mzee Mahamud mwenye duka na lori hapa Eldoret, baba yangu, Kipyego, na Nyakio, mjane wa Kabuthi. Walilinunua kidogo kidogo kwa miaka sita, huyu akitoa pesa, huyu ng'ombe, na Mzee Mahamud akibeba mahindi ya wenzake kwa lori lake bila malipo. Kabuthi alikuwa katibu. Ni yeye aliyethamini vitu hivyo vyote, akajumlisha, akapata fungu la kila mmoja. Alikufa mwaka juzi, na kwa kuwa mimi napiga taipu mjini, wazee wakanipa kazi yake ya kuandika. Stakabadhi zake zimeliwa na mchwa, na hakuna mzee anayekumbuka tena alitoa nini hasa. Kilichobaki ni daftari moja. Nyakio aliniazima nikanakili, nikalirudisha. Ukurasa wenyewe umechafuliwa na nzi, lakini namba zinasomeka vizuri:

Kiptoo 0.45
Mahamud 0.27
Kipyego 0.18
Kabuthi 0.09

Mpimaji ameshapigilia vigingi kwa kufuata orodha hii. Sasa kila mtu anataka cheti chake. Mwaka jana hakuna aliyevuna kitu kwa sababu ya ukame, na mwaka huu watu wanaangalia mawingu kama wanaoyadai deni.

Jumatatu, 18 Machi

Kazini. Ripoti ya ghala, kurasa kumi na moja. Upepo mwingi na vumbi.

Ijumaa, 22 Machi

Nimepeleka fomu kwa karani wa Bodi ya Ardhi. Ameangalia orodha yangu, akairudisha mezani kwa kidole kimoja.

"Hatuandiki desimali hapa. Andika sehemu. Huyu ana ngapi kati ya ngapi."

"Hiyo ni rahisi," nikamwambia.

"Kama ni rahisi ungekuja nayo."

Nimekaa kwenye benchi la nje nikafanya palepale. 0.45 ni 45/100, ukipunguza ni 9/20. 0.27 ni 27/100. 0.18 ni 9/50. 0.09 ni 9/100. Nimeandika kwa wino, nimekabidhi, nimepanda basi. Nilijisikia mtu aliyesoma.

Jumatano, 27 Machi

Fomu zimerudishwa. Kwenye pembe, kwa kalamu nyekundu: "Jumla si moja. Sehemu 1/100 haina mwenyewe. Mtaje."

Nilijumlisha. 45 na 27 ni 72, na 18 ni 90, na 9 ni 99. Nikajumlisha kutoka chini kwenda juu. Nikajumlisha kwa mashine ya ofisi. Nimefanya mara tisa.

Kinachoniudhi ni kwamba tangu mwanzo sikujumlisha. Nilizipanga zikae sawa, nikaziangalia zilivyokaa sawa, nikaridhika.

Alhamisi, 28 Machi

Sehemu moja ya mia ya ekari 264 ni ekari 2.64. Leo nimeangalia ramani ya mpimaji, na kipande hicho kipo kweli. Kimebaki kando ya barabara ya kwenda sokoni, kati ya kigingi cha mwisho cha Mzee Kiptoo na lango. Hakuna jina. Mpimaji ameandika "baki".

Nani huyo wa tano?

Jumapili, 31 Machi

Kikao kilifanyika kwa Mzee Kiptoo baada ya kanisa. Mzee Mahamud alikuja na lori, akaketi karibu na mlango kama kawaida yake. Baba alikuwepo. Nyakio alikuja akiwa amejifunga leso ya kichwa ya buluu, akaketi peke yake kwenye kigoda.

Nilisoma barua ya Bodi. Niliisoma kama nilivyofundishwa, polepole, nikisimama kwenye kila nukta. Niliposema "haina mwenyewe", Mzee Kiptoo aliinua mkono.

"Soma tena hapo."

Nikasoma tena.

"Kumbe tuko watano," alisema. "Miaka yote hii tunafikiria tuko wanne." Kisha akamgeukia Nyakio. "Mama, bwana yako ndiye alikuwa anaandika. Huyu wa tano ni nani?"

"Sijui," Nyakio akasema.

"Hujui ama hutaki kusema? Ni ndugu yake? Ni mtu wa Burnt Forest kule kwenu?"

"Sijui, Mzee."

"Hiyo kipande iko barabarani. Mtu hawezi kusahau kipande ya barabarani."

Mzee Mahamud alijaribu. "Kiptoo, taratibu. Kabuthi nilimjua. Alikuwa anarudisha hata kamba ya gunia."

"Mimi sisemi aliiba. Mimi nauliza ni ya nani."

Baba aliangalia viatu vyake.

Wameamua hivi, na nimeandika kwenye kumbukumbu: fungu la Nyakio lisilimwe, na mifuko yake ya mbegu ikae kwenye stoo ya mwenyekiti, mpaka atakapomtaja mwenye sehemu moja ya mia. Wote walitia sahihi isipokuwa Nyakio. Aliondoka bila kunywa chai.

Nimefikiria njia nzima kurudi mjini. Mtu asiye na kitu cha kuficha angeteta. Angelia hata. Yeye alisema "sijui" kama mtu anayeulizwa saa. Nadhani anajua.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua. Imeanza saa tisa mchana, kubwa, ya mawe. Ofisini wote tulisimama dirishani bila kufanya kazi, na bosi pia.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimekwenda nyumbani kwa ajili ya Pasaka. Trekta ya Mzee Kiptoo ilikuwa kwetu tangu alfajiri. Ilimaliza kwetu, ikapita mbele ya fungu la Nyakio ikiwa imeinua majembe juu, ikashuka kwa Mzee Mahamud. Nyakio alikuwa amesimama mlangoni. Dereva hakumwangalia, nami nilipita njia ya chini, karibu na mto, ingawa ina matope.

Sokoni Ziwa wameshaanza kusema. Mama mmoja anayeuza viazi aliniuliza kama ni kweli Kabuthi alikuwa na bibi mwingine mjini aliyeandikiwa shamba. Mwingine akasema hapana, ni Nyakio mwenyewe anayemwekea kaka yake. Niliwaambia mimi ni karani tu.

Jumatatu, 8 Aprili

Baba amepanda. Mistari yake imenyooka kama ya daftari. Wakati wa chakula aliniuliza, "Hulda, hiyo moja ya mia, umehesabu vizuri?"

"Mara tisa, Baba."

"Haya."

Aliendelea kula. Baadaye akasema Kabuthi alikuwa mtu wa kuhesabu ng'ombe wakitoka na wakiingia, hata kama wamevuka lango tu wakarudi. Sijui alitaka nijibu nini.

Alhamisi, 11 Aprili

Mawazo haya yamenijia nikiwa kazini. Labda ni makosa ya Kabuthi. Labda alifanya haraka. Lakini mtu anayehesabu ng'ombe mara mbili kwenye lango moja hawezi kuacha ekari mbili na nusu. Kwa hivyo aliziacha kwa makusudi. Kwa hivyo kuna mtu. Lakini kama kuna mtu, kwa nini hakuandika jina? Alifika daftarini na kalamu mkononi. Jina moja tu.

Sielewi.

Jumapili, 14 Aprili

Mzee Kiptoo amenituma kwa Nyakio nichukue daftari, Bodi ilione. Njiani nimepita kile kipande cha barabarani. Kuna mawe yamemwagwa, lori mbili hivi, na kamba imefungwa kwenye miti minne mirefu kama ya mtu anayepima nyumba. Nilimuuliza mchunga ng'ombe ni ya nani. Akasema, "Mwenyekiti anajenga duka."

Nimesimama hapo kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Nyakio alikuwa anamenya viazi. Hakuniambia niketi, lakini alisogeza karai nipite. Alileta daftari likiwa limefungwa kwenye mfuko wa unga.

"Hili ndilo mnataka?"

"Ndiyo, Mama. Litarudi."

"Ulisema hivyo mara ya kwanza, na likarudi. Chukua." Akaendelea kumenya. Halafu akasema, bila kuinua macho, "Kila mtu amekuja kuniuliza ni nani. Hakuna aliyekuja kuniuliza Kabuthi alikuwa anahesabu namna gani."

"Alikuwa anahesabu namna gani?"

"Sijui. Mimi sikusoma hesabu. Lakini alikaa na hizo namba siku tatu. Alikuwa anagawanya, anagawanya, anatupa karatasi. Nikamwambia lala. Akaniambia haziishi. Siku ya nne akaja akicheka, akasema amezifunga."

"Amezifunga vipi?"

"Ningejua ningekuwa na shamba lililolimwa."

Jumatano, 17 Aprili

Siku hii naiandika yote.

Kwenye ploti ninakopanga chumba mjini kuna Mwalimu Ondiek, anayefundisha hesabu sekondari. Shule zimefungwa lakini hakwenda kwao. Anasahihisha karatasi na kupika omena, wale dagaa, ambao harufu yao ploti nzima inaisikia. Jioni, kabla ya giza, nilikuwa nimeketi mlangoni na daftari la Kabuthi. Akapita na ndoo ya maji, akaangalia juu ya bega langu.

"Dada Hulda, siku hizi unafanya desimali za kujirudia?"

"Za nini?"

"Hizo." Akaonyesha kwa kidevu, mikono ilikuwa na ndoo. "0.45 yenye vidoti."

Nikamwambia hivyo si vidoti, ni uchafu wa nzi.

Alitua ndoo chini. Akachuchumaa. "Huyu nzi alisoma shule gani? Angalia. Kila namba ameketi mara mbili. Mara moja juu ya 4, mara moja juu ya 5. Hapa juu ya 2 na 7. Juu ya 1 na 8. Juu ya 0 na 9. Na ile sifuri ya mbele ya nukta ameiruka kila mara. Huyu nzi ni msomi."

Nilichukua daftari nikaliweka karibu na macho. Vidoti vinane. Wino uleule, kalamu ileile.

Nilipokuwa Fomu Two mwalimu wetu wa hesabu aliondoka, tukakaa muhula mzima bila mtu. Labda ni hapo viliponipita. Sikumbuki kuviona vidoti hivyo maisha yangu.

"Vina maana gani?"

"Kwamba namba haijaisha. 0.27 yenye vidoti si 0.27. Ni 0.272727, inaendelea hivyo mpaka uchoke, na ukichoka bado inaendelea."

Aliingia kwake, akatoka na chaki na kipande cha ubao. Akanifundisha, na naandika kama alivyosema, kwa sababu sina hakika nimeelewa.

"Iite n. Sasa izidishe kwa mia. Umepata nini?"

"27.272727, inaendelea."

"Sasa toa n moja kwenye hizo n mia."

Nilishika chaki, nikaziandika moja chini ya nyingine.

"Nianzie wapi?" nikauliza.

"Uanzie wapi kivipi?"

"Tukitoa tunaanza upande wa kulia. Kulia kwake ni wapi?"

Mwalimu Ondiek alicheka mpaka jirani akafungua dirisha. "Miaka tisa nafundisha, hakuna mtoto ameniuliza hivyo. Kulia hakuna, dada."

"Basi siwezi kuanza."

"Usianze. Angalia mikia. Huyu ana mkia wa 272727, huyu ana mkia wa 272727. Inafanana mpaka huko inakokwenda. Inaondoka pamoja. Kilichobaki ni 27 kamili. Na n zimebaki ngapi?"

"Mia, toa moja. Tisini na tisa."

"Kwa hivyo n ni?"

"27 kwa 99." Nikapunguza kwa tisa. "3/11."

"Basi. Imefungwa."

Neno lilelile la Kabuthi. Nilifanya nyingine peke yangu. 45/99 ni 5/11. 18/99 ni 2/11. 9/99 ni 1/11. Tano, na tatu, na mbili, na moja. Kumi na moja kati ya kumi na moja.

Hakuna mtu wa tano. Hajawahi kuwepo. Ni mimi niliyemzaa, Machi 16, kwa taipu isiyoweza kuweka kidoti juu ya namba na macho yasiyotaka kuuliza.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimefanya kazi vibaya. Barua moja nimeirudia mara nne.

Nimegawanya 3 kwa 11 kwa mashine ya ofisi. 0.2727272, halafu nafasi ikaisha. Mashine nayo imechoka.

Ijumaa, 19 Aprili

Jambo lingine linanisumbua. Nimejumlisha zile desimali zenye vidoti, jinsi zilivyo, na jibu ni 0.999999, inaendelea. Nikampelekea Mwalimu.

"Bado haijafika moja," nikamwambia.

"Hiyo ndiyo moja."

"Ni karibu na moja."

"Dada, ni moja. Kati yake na moja kuna nini?"

"Kuna kitu kidogo sana."

"Kiandike."

Nimejaribu. Nikaandika sifuri, nukta, sifuri, sifuri, nikajaza mstari, nikajaza wa pili, nikingoja mahali pa kuweka ile 1 ya mwisho. Pahali hapo hapakuja. Nimeacha. Sehemu naziamini, kwa sababu 264 ukigawa kwa 11 unapata 24 bila baki. Lakini hii ya tisa tisa siiamini, na siwezi kuikataa. Itawezekanaje niieleze kwa wazee, kama mimi mwenyewe nimesimama katikati ya mto nayo?

Na nikiieleza lazima niseme ni nani aliyeviruka vidoti.

Jumamosi, 20 Aprili

Sikwenda nyumbani. Nilisema nina mafua. Mvua siku nzima. Kila tone namfikiria Nyakio na ardhi yake yenye majani makavu ya mwaka jana, na watu wote wamemzunguka kwa kijani.

Jumanne, 23 Aprili

Nimepitia dukani kwa Mzee Mahamud, nikamwonyesha 5, 3, 2, 1. Alivaa miwani. Alifuata namba kwa kidole, halafu akasema, "Kwa hivyo mimi ni tatu na Kiptoo ni tano."

"Ndiyo, Mzee."

"Kabla ya Kabuthi kuhesabu, mimi nilidhani namshinda." Akacheka kidogo. "Binti, Kiptoo ameshamwaga mawe pale. Ukienda na kumi na moja, na tisini na tisa, na mikia, atakwambia umetumwa na yule mama. Mwonyeshe kitu anaweza kukanyaga."

Ijumaa, 26 Aprili

Kitu anaweza kukanyaga. Nimekaa na karatasi siku mbili. Nadhani nimepata.

Jumapili, 28 Aprili

Kikao. Niliomba Nyakio aitwe. Mzee Kiptoo alisita, Mzee Mahamud akasema, "Mwite, ni mwenye shamba," basi akaitwa.

Nilisema kosa langu kwanza. Nilikuwa nimejiandikia niseme mwisho, lakini nilipomwona Nyakio ameketi kwenye kile kigoda nikaanza nalo. "Kabuthi aliweka alama juu ya namba. Mimi nilidhani ni nzi. Nikapiga taipu bila alama. Kosa ni langu."

Baba aliinua kichwa. Sijui kama ilikuwa hasira.

"Alama gani?" Mzee Kiptoo akauliza.

"Ya kusema endelea kugawa."

"Kugawa nini? Tumegawa. Imebaki ekari mbili na nusu na kitu."

"Basi tuigawe hiyo iliyobaki, Mzee. Kwa orodha hiihii."

Nilikuwa nimeshahesabu. Nikawapa: Mzee Kiptoo 0.45 ya hicho kipande, Mzee Mahamud 0.27, Baba 0.18, Nyakio 0.09. "Imebaki sehemu moja ya mia ya kipande. Ni kama kiwanja cha nyumba ya vyumba viwili." Nikatoka nje, nikapima kwa hatua kwenye ua wa Mzee Kiptoo, kuku wakakimbia. Wote walitoka wakaangalia.

"Sasa hiki tukigawe."

"Kwa orodha hiyo hiyo?"

"Hiyohiyo. Inabaki ukubwa wa meza yako ya chai. Tuigawe. Inabaki kama kiganja." Nikaweka kiganja changu chini kwenye udongo. "Tukigawe. Inabaki kama punje ya mahindi."

Mzee Kiptoo alikuwa ameinama, mikono nyuma, anaangalia udongo kwa makini kama kweli kuna punje.

"Na hiyo punje ni ya nani?" akauliza.

"Mpe kuku," Mzee Mahamud akasema. "Amengoja tangu asubuhi."

Baba alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu ukame.

"Tunaigawa pia," nikasema. "Kila mara inabaki sehemu moja ya mia, na kila mara ni ya wanne walewale. Hakuna mara hata moja inayobaki ya mtu mwingine. Kabuthi aliona haitaisha, akaweka alama badala ya kuandika maisha yake yote."

"Kwa hivyo hii kazi haiishi."

"Kwa desimali haiishi. Lakini tukikata shamba mafungu kumi na moja, inaisha leo." Nikachora mistari kwa kijiti. "Kila fungu ekari 24. Wewe tano, Mzee. Mzee Mahamud tatu. Baba mbili. Mama Nyakio moja."

Mzee Kiptoo aliyahesabu mwenyewe kwa kijiti, mara mbili, akiweka kokoto kwenye kila fungu. Ekari 120. Akaangalia upande wa barabara, ingawa kutoka pale haionekani.

"Na pale kwa mawe?"

"Vigingi vyote vinasogea kidogo, Mzee. Pale hapabaki kipande. Panaingia kwenye mafungu."

"Yangu inasogea mpaka wapi?"

"Ekari moja na robo hivi. Nusu ya mawe yako iko ndani. Nusu iko nje."

Nilingoja aseme nimetumwa. Alifikicha uso. Nilikuwa nimemwona wiki mbili kama mtu mwenye hila, na sasa sijui. Nadhani aliamini kweli kuna mtu wa tano, na kwa kuwa mtu huyo haonekani, mawe yake yangekaa tu hapo yakimngoja. Labda mtu anaweza kuwa na nia mbili na asijue ni ipi iliyotangulia.

"Andika," akasema mwishowe. "Mawe nitahamisha."

Nyakio alisimama. "Na mbegu yangu?"

Mzee Kiptoo akamwangalia dereva wake wa trekta, aliyekuwa amesimama langoni, dereva akaangalia chini. Mbegu ya mahindi ya 614 ilikuwa imepungua kila mahali baada ya ukame, na mifuko ile ilikuwa imekaa tu stoo. Imepandwa. Iko kwenye ardhi ya mwenyekiti, imeshafika vifundoni.

"Nitakununulia nyingine," akasema.

"Mahindi yakipandwa Mei hapa hukomaa lini, Mzee?"

Mzee Kiptoo akainama, akaanza kuokota kokoto zake.

Jumatatu, 29 Aprili

Fomu mpya: 5/11, 3/11, 2/11, 1/11. Jumla 11/11. Nimejumlisha mbele ya karani.

Jumanne, 7 Mei

Mvua. Ofisi. Mwalimu Ondiek amerudi shuleni. Ameniambia aliwapa wanafunzi wa Fomu Three swali langu la kulia ni wapi, na hakuna aliyejibu.

Alhamisi, 23 Mei

Bodi imekaa. D.O., afisa wa tarafa, alisoma majina, akauliza kama kuna pingamizi, akapiga muhuri. Dakika mbili. Nilihesabu.

Alipotaja "Nyakio, sehemu moja ya kumi na moja", Nyakio alisema "Niko" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ya mtu aliye nyumbani kwake.

Nje nilimfuata. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Nilisema namwomba msamaha kwa zile alama.

"Hulda," akasema, "kuona vibaya, kila mtu huona vibaya. Mimi mwenyewe nilidhani ni nzi. Niliupangusa ukurasa huo kwa kitambaa Krismasi, nikashangaa hazitoki." Akafunga vizuri leso yake. "Lakini Pasaka nilikuona ukipita njia ya mto."

Nilifikiri hakuniona.

"Wengine wote walipita mbele ya nyumba," akasema. "Hata Kiptoo. Walinitukana, lakini walipita mbele."

Alikwenda zake kituoni. Sikumfuata mara ya pili.

Jumamosi, 25 Mei

Sikuandika kitu jana. Leo pia sina.

Jumamosi, 1 Juni

Nimepita kwa Nyakio, mbele. Nikabisha. Akasema ameshaingia mkataba na mtu wa trekta kutoka Sugoi, atalima ekari nne za viazi, nyingine zitalala mpaka mwaka ujao. Ekari ishirini zitalala. Nikauliza kama anahitaji mtu wa kusaidia kupanda.

"Unajua kupanda viazi?"

"Kidogo."

"Jumamosi ijayo, saa moja. Usije saa mbili."

Jumamosi, 8 Juni

Nilifika saa moja kasoro. Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye mto. Tulikuwa wanane, mimi pekee nikiwa na viatu vya mjini. Nyakio alitembea nyuma yetu akiangalia mistari. Yangu ilikuwa imepinda kuanzia katikati, na ilipofika mwisho ilikuwa imeingia kwenye ya mwenzangu.

"Fukua," akasema.

"Wote?"

"Kuanzia ulipopinda."

Nilirudi mpaka hapo, nikafukua kiazi kimoja kimoja, nikapanga upya. Alisimama karibu nami mpaka nikamaliza, ndipo akaenda kuleta uji.